Barabara Ikipita, Tutabaki na Nini?



Neno lililo vinywani mwa vijana wengi wa Garissa, Wajir na Mandera siku hizi ni moja tu: kazi. Baada ya ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana misimu 5 mfululizo, jamaa nyingi zilizokuwa zikiishi kwa mifugo zilibaki na fimbo mkononi bila ya mnyama wa kuchunga. Vijana wao wakaingia mjini. Wako waliomaliza shule, na vyeti vyao vimo katika bahasha. Na wako ambao shule yao ilikuwa ni malisho. Asubuhi wote husimama mlango mmoja, wakimngoja nyapara atoke na kunyosha kidole: wewe, na wewe, na wewe.

Ukiwauliza ni kazi gani wanayoitafuta, wengi hujibu, "Yoyote." Shauri letu leo ni juu ya neno hilo. Hatulilaumu, maana mwenye njaa hachagui. Lakini twasema ya kuwa mtu aweza kuingia katika kazi yoyote, ila asikubali kutoka ndani yake mikono mitupu. Kazi ikupe mshahara, na zaidi ya mshahara ikupe kitu cha kuondoka nacho.

KAZI ZINAZOPITA

Nchi hii ya kaskazini mashariki haikosi miradi. Kuna barabara ya kutoka Lamu kupitia Ijara hadi Garissa, na kuna ile ndefu ya Isiolo hadi Mandera inayopitia Wajir. Kuna mtambo wa umeme wa jua wa Garissa uliofunguliwa Desemba 2019, wenye megawati 50 na paneli zaidi ya 200,000. Na tangu mwaka 1991 kuna kambi za wakimbizi za Dadaab, ambazo zimewapa mkate watu wengi wa wilaya hii: madereva, makarani, walinzi, wapishi, wauguzi na wachukuzi.

Lakini tutazame vizuri jinsi kazi hizi zilivyo. Barabara ikijengwa huhitaji watu wa kuchimba, kubeba mawe, kushika bendera na kulinda mashine usiku. Ikisogea mbele, wale wa nyuma kazi yao imekwisha. Mtambo wa umeme ulipokuwa ukijengwa ulihitaji watu wa kuchimba mashimo na kusimamisha vyuma. Ulipokwisha kusimama, uliwahitaji wachache tu, nao ni wale wanaoujua umeme.

Na mashirika ya misaada nayo ni vivyo hivyo. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nchi za nje, na Julai mwaka huo huo kazi za shirika lake la USAID zikafikia mwisho wake. Jambo hilo liliamuliwa Washington, lakini waliopata barua za kuachishwa walikuwa pia watu wa Dadaab na Garissa, wenye watoto shuleni na kodi ya nyumba ya kulipa. Hawakufanya kosa lolote. Waliajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na fedha zilipokauka, mkataba ukakauka nazo.

Sasa sikilizeni. Watu wawili waweza kuachishwa siku moja katika shirika moja. Mmoja aliendesha gari miaka 6, na ukimwuliza anajua nini atasema, "Nilikuwa na shirika." Mwenzake pia aliendesha gari, lakini kila gari lilipoharibika alisimama kando ya fundi, akajifunza, akafanya mtihani, akapata cheti cha ufundi wa magari. Wa kwanza amepoteza kazi. Wa pili amepoteza mwajiri tu, kazi yake bado anayo. Tofauti ya watu hawa wawili ndiyo maana yote ya makala haya.

KITAMBULISHO KWANZA

Bila ya kitambulisho, mashauri mengine yote ni maneno matupu. Sisi twajua hilo kuliko watu wa sehemu nyingine za Kenya. Nchi hii iliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu mwisho wa mwaka 1963 hadi 1991. Mwaka 1989 Serikali iliwaamuru Wakenya wenye asili ya Kisomali wakaguliwe na kuandikishwa upya, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya rangi ya waridi. Kwa miaka mingi baadaye kijana wa Garissa aliyefikia umri wa miaka 18 alipitia kamati za ukaguzi ambazo kijana wa Nyeri hakuzijua. Na wako Wakenya ambao, kwa sababu ya njaa, walijiandikisha katika kambi wapate chakula, kisha alama za vidole vyao zikakutwa katika daftari la wakimbizi, nao wakanyimwa kitambulisho cha nchi yao.

Tarehe 5 Februari 2025, huko Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kuondoa ukaguzi huo wa ziada katika kaunti za mipakani. Ni jambo jema. Lakini tangazo halimfuati mtu nyumbani kwake. Mzazi, mpeleke mtoto wako ofisini mara atimizapo miaka 18, usingoje mpaka tangazo la kazi litoke ndipo uanze kutafuta cheti cha kuzaliwa. Na ewe kijana, hakikisha ya kuwa jina lililo katika kitambulisho ni lile lile lililo katika cheti cha shule, herufi kwa herufi. Mohamed na Muhammad ni mtu mmoja kwa mama yake, lakini kwa karani wa ajira ni watu wawili.

UFUNDI

Twendeni sasa kwenye ufundi. Wengi wetu hufikiri ya kuwa kazi ni ya kalamu na meza. Kalamu ni njema, na Chuo Kikuu cha Garissa kilichopata hati yake kamili mwaka 2017 ni fahari yetu sote. Lakini tazama mji huu unavyoishi. Maji yatoka Mto Tana na visima vyenye pampu. Pampu yaendeshwa kwa jenereta au kwa paneli za jua. Maziwa ya ngamia yataka barafu yasiharibike njiani kwenda Nairobi. Malori, matuktuk na pikipiki hukwama mchangani kila siku. Nyumba za mawe zainuka kila mtaa. Katika kazi hizi zote mwenye shughuli humtafuta fundi, na mara nyingi humpata fundi kutoka mbali, kwa gharama kubwa, wakati kijana wa mtaa ule ule amekaa kivulini.

Fundi wa pampu za jua hatakosa kazi hapa, awepo mfadhili au asiwepo, maana ngamia lazima wanywe maji. Vivyo hivyo mganga wa mifugo aliyesomea na kusajiliwa. Na kwa binti zetu, kazi ya uuguzi na ukunga si kazi ya kupita. Hesabu zilizotokana na sensa ya 2009 ziliitaja Mandera kuwa ndiyo kaunti iliyopoteza akina mama wengi kupita zote kwa uzazi katika Kenya. Hospitali za nchi hii zina haja ya wakunga wanaojua lugha ya mama anayezaa. Chuo cha uuguzi na utabibu cha KMTC kipo hapa hapa Garissa.

Kwa ufundi wa mikono kuna Chuo cha Ufundi cha Taifa cha Kaskazini Mashariki, nacho pia kipo mjini Garissa. Na kwa mtu ambaye hana fedha wala muda wa kukaa darasani, ipo njia ya mitihani ya ufundi ya Serikali inayosimamiwa na NITA. Mitihani hiyo ina madaraja matatu: huanza na Daraja la 3, kisha la 2, kisha la 1. Ni mitihani ya kuonyesha kazi kwa mikono, nayo ipo kwa uashi, umeme, mabomba, kuchomelea vyuma, magari, ushonaji na mengineyo. Mtu aliyejenga kuta miaka 8 bila ya kukanyaga chuo aweza kuufanya. Akiupita, yeye si kibarua tena machoni pa kontrakta, ni mwashi wa Daraja la 3, na malipo yake hubadilika.

Basi wewe uliyepewa karai la kubeba mchanga, beba mchanga. Lakini wakati wa chai usiende kulala. Mwulize fundi kwa nini amechanganya saruji hivi na si vile. Omba kushika timazi. Jioni mwoshee vyombo vyake. Mafundi wengi hupenda kufundisha mtu mwenye adabu. Na usirukeruke, leo umeme, kesho miraa, keshokutwa bodaboda. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ukishika ufundi mmoja miaka mitatu, jina lako litaanza kutajwa na watu usiowajua.

KARATASI

Mali bila daftari huisha bila habari, na kazi ni mali. Wengi wetu tumefanya kazi miaka 10, na hatuna hata kipande kimoja cha karatasi cha kuonyesha. Hapa tajiri hutushinda bila ya kupigana. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imetupa silaha, lakini silaha isiyojulikana ni chuma tu. Haya ndiyo mambo ambayo kila mwanachama ayajue kwa moyo:

1. Kazi ya miezi 3 au zaidi sharti iwe na mkataba wa maandishi, na ni juu ya mwajiri kuuandika. Shauri likifika mahakamani naye hana mkataba wa kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi humwangukia yeye.

2. Kifungu cha 37 chasema ya kuwa kibarua wa kutwa aliyefanya kazi siku za mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyotazamiwa kwisha kabla ya miezi 3, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi. Hawezi kufukuzwa kwa neno la mdomo jioni moja. Sharti apewe notisi. Na akiendelea miezi 2 au zaidi hustahili haki za mfanyakazi, kama vile likizo ya mwaka.

3. Likizo ya mwaka ni siku za kazi zisizopungua 21 baada ya kila miezi 12.

4. Muda wa majaribio usizidi miezi 6, na hauongezwi ila kwa makubaliano yako.

5. Ukiondoka kazini, hata kama umefukuzwa, ni haki yako kupewa cheti cha utumishi chenye jina la mwajiri, aina ya kazi na tarehe za kuanza na kuacha, ikiwa ulifanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi. Kiombe. Kwa yule anayejenga maisha ya kazi, cheti hiki chaweza kuwa na faida kubwa kuliko mshahara wa mwezi wa mwisho.

6. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, mwajiri haruhusiwi kukudai vyeti vya kibali vya ofisi mbalimbali kabla hajakusudia kukupa mkataba. Basi usitumie fedha za chakula kulipia vyeti kumi kwa ajili ya kuomba tu.

Pamoja na hayo, kila mmoja awe na daftari ndogo. Andika tarehe, mahali, jina la nyapara, kazi uliyofanya na fedha ulizopokea. Ukilipwa kwa simu, usifute ujumbe. Uliza namba yako ya NSSF na uhakikishe ya kuwa fedha inayokatwa kweli inafika. Siku ya shida Ofisa wa Kazi hatakuuliza una uchungu kiasi gani. Atakuuliza una ushahidi gani.

KAZI YA KUNUNUA NA KAZI YA UKOO

Kuna mambo mawili ambayo watu huyasema kwa sauti ya chini, nasi twayasema hapa.

La kwanza ni madalali wa kazi. Mtu huja na shati safi, husema anamjua mkubwa fulani, na kwa ngamia mmoja au fedha zake mwanao ataandikwa. Ndugu, kazi inayonunuliwa haina mkataba, na hata ukiipata, aliyekuuzia leo aweza kumwuzia mwingine kesho. Ngamia huyo huyo angelipa karo ya ufundi wa umeme. Na wale wanaoitwa kwenda nchi za Ghuba waulize kwanza Ofisi ya Kazi kama wakala huyo amesajiliwa, na mkataba wausome wakiwa bado wako nyumbani.

La pili ni ukoo. Twajua ya kuwa katika nchi hii nafasi nyingi hugawanywa kwa hesabu za koo, na wazee husema kufanya hivyo kunaleta amani. Hatuwadharau wazee wetu. Hata kuulizia kazi kwa jamaa si kosa. Ndugu akisikia nafasi akuambie, naye afanye hivyo kwa jirani pia. Lakini kazi uliyopewa kwa sababu ya ukoo hutegemea ukoo: uchaguzi ukigeuka, nawe wageuka nao. Na kibaya zaidi, tajiri mwerevu huwaajiri watu wa ukoo huu kwa malipo haya, na wa ukoo ule kwa malipo duni, akijua hawatazungumza pamoja. Damu hugawa nafasi zilizopo, wala haiongezi hata moja. Ujuzi mkononi hauulizi baba yako ni nani.

WENYEJI NA WAGENI

Hapa lazima tuseme neno zito. Novemba 2014 watu 28 walitolewa katika basi karibu na mji wa Mandera na kuuawa, na wengi miongoni mwao walikuwa walimu waliokuwa wakienda makwao kwa likizo. Siku chache baadaye, Desemba 2, wachimba mawe 36 waliuawa kwenye machimbo ya Koromey. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa, madarasa yakabaki na watoto bila ya mwalimu.

Walimu wale na wachimba mawe wale walikuwa wafanyakazi wenzetu. Walikuja kutafuta riziki kama sisi tuendavyo Nairobi na Mombasa. Chama hakiwezi kusema ya kuwa kazi ni ya wenyeji na mgeni aondoke. Chama kinachosema hivyo kimewafanyia kazi wauaji. Lakini vilevile haifai nchi nzima kungoja mwalimu, mwashi na muuguzi watoke mbali siku zote. Kijana mwenyeji ajifunze kutoka kwa fundi mgeni, na fundi mgeni alindwe na mwenyeji. Siku moja mwenyeji huyo atakuwa fundi, na wanafunzi hawatakaa tena bila ya mwalimu kwa sababu ya hofu.

CHAMA

Wengine husema, "Mimi ni kibarua tu, chama kitanifaa nini?" Tukumbuke Mombasa. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa mji ule waligoma, na miongoni mwao walikuwa makuli wa bandari, wengi wao vibarua wa kutwa kama sisi. Walikuwa wakiitwa asubuhi na kuachwa jioni. Baada ya misukosuko ile, katika miaka ya 1950 kazi ya bandari ikaanza kuwa ya watu walioandikishwa, wanaojulikana kwa jina na namba, na chama cha makuli kikawa miongoni mwa vyama vyenye nguvu katika Kenya. Ukibarua wao haukuondolewa na huruma ya tajiri, bali na umoja wao.

Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kuingia chama. Tukipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa mahali pamoja, mwajiri sharti akitambue chama na kukaa nacho mezani. Na tukikaa mezani tusidai nyongeza ya mshahara tu. Waajiri hutozwa shilingi 50 za mafunzo kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Tuulize: ni wangapi hapa Garissa waliowahi kumpeleka hata kibarua mmoja kwenye mafunzo? Tudai ya kuwa kila kontrakta anayeleta mradi katika nchi hii awachukue vijana kadhaa wafundishwe kazi, wafanyishwe mtihani, na wapewe cheti kabla mashine hazijafungwa kamba na kupakiwa. Hilo lina faida kuliko bendera 100 za kushikwa barabarani.

NENO LA MWISHO

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kila fundi aliye mwanachama amchukue kijana mmoja, asiwe wa nyumba yake, amfundishe mwaka huu. Kila kibarua aje na daftari lake katika mkutano ujao, tulisome pamoja tuone ni nani anayestahili kuwa mfanyakazi wa mwezi naye hajui. Na kila kijana anayesema "kazi yoyote" ajiulize jioni, akiisha nawa vumbi: leo nimepata ujira, je, nimepata na nini kingine?

Achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Lami itafika Mandera, nayo mashine zitaondoka. Tuwe tumebaki na ufundi mikononi, karatasi katika mfuko, na chama nyuma yetu.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi, mwanachama mwenzenu.